Sahani Isiyo na Kaburi

Zaina mdogo wangu, salamu kutoka Johannesburg, kwenye baridi kavu inayopasua midomo.

Leo nimekula kwa Solange, msusi Mkongo aliyezaliwa katika kijiji kidogo kando ya Atlantiki, mbali na barabara kuu. Huko husomeshwa kwa Kifaransa, na marehemu huwekewa sahani nzuri juu ya kaburi. Wazungu walipakia watumwa ufuoni pale. Sasa makampuni yanapakia mafuta, na bahari inaimega nchi bila mtu kujenga hata ukuta. Solange alinunua sahani ya maua hapa mjini, mtaa wa Fordsburg, ampelekee marehemu mama yake. Leo asubuhi kaka yake akapiga simu: “Usilete. Makaburi yote yameingia baharini.”

Nikaanza kufoka: serikali, makampuni, wezi wote! Solange akanipakulia wali na samaki kwenye sahani hiyohiyo, akasema kwa Kiswahili alichookota kwa wateja wake Wakongo wa mashariki:

“Kula, kaka. Weye unasemaka sana. Hiyo maneno haitarudisha mama.”

Nilikula, Zaina, mpaka maua ya sahani yakaonekana.

Ijumaa palilia kaburi la Mama, ukae naye kidogo kwa niaba yangu. Yeye angalau tunajua alipo.

Kaka yako akupendaye,
Idi