Mpira wa Bluu Una Mwenyewe

Baba Neema mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Ujiji. Mvua ilitunyeshea tangu asubuhi, alasiri jua likatoka na ziwa likatulia kabisa. Nyuma ya nyumba ya wageni ninapolala kuna uwanja mdogo wa majani. Mwenye nyumba, Mama Yustina, hucheza hapo mchezo uitwao kroketi: unagonga mpira wa mti kwa nyundo ya mti ili upite kwenye vitao vya waya. Mumewe ndiye aliyemfundisha. Kisha akavuka kwenda Kongo kibiashara, na tangu mwaka jana hajarudi wala hajasikika.

Leo nilimkuta akicheza peke yake, zamu yake na zamu ya mumewe. Nikamwomba nichukue mpira wa bluu tucheze sote.

"Huo una mwenyewe, mwanangu," akasema kwa upole. "Wewe chukua wa njano."

Basi tukacheza watu wawili kwa mipira mitatu. Wa kwake aliupiga haraka haraka tu. Wa mumewe aliuinamia, akapima, akaondoa kila jani lililokuwa mbele yake. Wa bluu ukashinda, naye akapiga makofi.

"Kanifunga tena!"

Nikapiga makofi pia, kisha nikageuka asione machozi yangu.

Ameniwekea samaki mgebuka na ugali wa muhogo, lakini nimeketi kukuandikia kwanza. Nimekukumbuka mno. Mbusu Neema, na ukiipata kadi hii nipigie, hata kama huna la kusema.

Wako,
Mama Neema