Nyanya, Mume Wako Amerudi Kucheza Buteba

Mpendwa Nyanya, mke wangu wa kwanza,

Jana nimecheza. Naanza na hilo kwa sababu najua usingeniacha nimalize salamu kabla hujauliza habari za mpira. Nimechezea Radi, timu yetu ya Buteba, tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, na leo kanisani nimekaa ibada nzima nikichezesha miguu chini ya benchi mpaka katekista akanikazia macho. Siwezi kutulia. Hukujua kusoma, na mimi ndiye niliyekuwa nikikusomea barua za watu huku wewe ukizisahihisha kabla sijazimaliza. Basi hii nitaisoma mwenyewe kwa sauti, na pale usipopenda utanikatiza kama kawaida yako.

Asiyetujua atashangaa mjukuu kumwita nyanya yake mke. Mwache ashangae. Nilizaliwa tu ukatangazia kijiji kizima kwamba umepata mume mpya, kwa kuwa yule wa zamani amekwisha meno. Nilipolia ukawaambia watu nina wivu. Nilipoota ndevu mbili tatu ukaanza kunidai sukari, sabuni na leso, na nikichelewa kutoka shambani ulininunia mlangoni hata babu akacheka mpaka akakohoa. Huku kwetu utani wa nyanya na mjukuu hauna kikomo, lakini wewe peke yako ndiye uliyeufikisha uwanjani.

Unakumbuka ule uwanja wa misheni, na magoli yake ya mikaratusi, na mbuzi waliofukuzwa kabla ya kila mechi? Uganda ilikuwa ndiyo kwanza imepata uhuru wakati Wandera, nahodha wetu, aliponipanga winga ya kulia. Wewe ukasimama upande huo huo. Kipindi cha pili tulipobadilishana magoli, nawe ulihama, ukakata uwanja katikati mpira ukichezwa, gauni lako la gomesi umelikusanya mkononi, refa akipuliza filimbi mpaka mashavu yakamtoka.

"Mimi nafuata mume yangu," ulimwambia bila kusimama. "Wewe fuata mpira yako."

Tulikuwa na wachezaji wawili kutoka upande wa Kenya, waliovuka mpaka kwa baiskeli kila Jumamosi. Kwao uhuru ulikuwa bado haujafika, nawe ukawauliza kama wameomba ruhusa kwa mzungu wao kabla ya kupiga teke. Mwaka uliofuata bendera yao ilipopanda, walikuja kwako kwanza kabla hata ya kuvua viatu, wakakwambia sasa wanapiga teke bila kuuliza mtu.

Nikifunga, vigelegele vyako vilifika barabara ya Busia. Nikikosa, ilikuwa balaa. "Huyo nimelisha ugali ya wimbi asubuhi! Imekwenda wapi?" Uwanja mzima ukacheka, Wandera akadakia na la kwake, na mimi nikakimbia nimejaa hasira na kicheko kwa pamoja. Mpira uliofuata sikuukosa. Wakati huo sikujua kwamba zile kejeli zako ndizo zilizokuwa zikinichezesha.

Halafu akaja yule mtu wa kutoka Tororo, kaptula nyeupe na soksi za kufika magotini. Kiwanda chao kilikuwa na timu. Kulikuwa na mshahara wa kila mwezi, chumba cha mabati, kazi nyepesi ya ghalani, na viatu vya mpira vyenye meno. Radi ilitulipa viazi vitamu, na pamba ikiuzwa vizuri, kipande cha sabuni. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini wahenga hawakuwahi kuonyeshwa viatu vipya. Nilikubali hata kabla hajazima gari.

Wewe hukukasirika. Ulinipakia njugu kwenye kitambaa, ukanisindikiza mpaka njia panda.

"Enda," ulisema. "Mwanaume ni kutafuta. Lakini Jumamosi yangu nani atanipa?"

"Nitakutumia sukari, Nyanya."

Ndivyo nilivyokujibu, na nilijiona nimejibu vizuri.

Watu wa Tororo hawakunikosea kitu, nisije nikawasingizia. Mshahara ulikuja kwa wakati. Nilikutumia sukari, nikakutumia blanketi, nikaleta mabati ukavua nyasi juu ya nyumba yako, majirani wakaja kuyatazama yanavyong'aa. Mpira wenyewe ndio ulionishinda. Uwanja wao ulikuwa umekatwa nyasi, watazamaji walikaa kwa mpangilio. Nikifunga walipiga makofi, nikikosa walinyamaza. Hakuna aliyenijua vya kutosha kunikejeli. Ule ukimya uliniingia miguuni, Nyanya. Nikaanza kuogopa kukosa, na winga anayeogopa kukosa hapigi kabisa, anampa mwenzake. Msimu wa pili akaletwa kijana kutoka Kampala, nami nikawa mtu wa benchi.

Sikukwambia. Ukajua mwenyewe siku ile ulipopanda basi kuja kunitembelea bila taarifa, mtungi kichwani na mwavuli kwapani. Askari wa getini akakuuliza unamtaka nani.

"Nataka mume yangu. Anacheza mpira hapa."

Maskini yule askari, alizunguka uwanja mzima akitafuta mzee. Alimshika bega mpaka mhasibu wa kiwanda, kwa sababu alikuwa na mvi. Mwishowe ukachoka kungoja, ukapita mwenyewe, ukanikuta nimekaa kando, soksi safi, viatu havina hata tope. Ulivitazama vile viatu. Nikangoja unitukane mbele ya wale watu wote, na wallahi nilitamani unitukane.

"Wamekununua upate kukaa?" ulisema taratibu, kwa sauti ya kunifikia mimi tu.

"Nalipwa, Nyanya."

"Naona."

Ukanimiminia uji kutoka mtungini, ukakaa karibu yangu mpaka mechi ikaisha. Hukutania tena siku ile. Nilikusindikiza kwenye basi, nikajidanganya kwamba ni uchovu wa safari.

Ulipougua uliwakataza wasiniite. Waliniambia baadaye maneno yako: "Mwacheni, anacheza." Na mimi muda wote huo nilikuwa nimekalia benchi.

Sasa nikwambie kilichotokea kwenye mazishi yako, maana hapo ndipo maisha yangu yalipogeuka. Wewe unajua mtu aliyekula chumvi nyingi huku kwetu anazikwa kwa machozi na kicheko. Mjukuu wa kiume ndiye mjane. Wanawake humvuta shati, humwuliza mke alikufa kwa njaa au kwa kipigo, humtoza jogoo kabla jeneza halijashushwa. Nilikuja na lori la kiwanda, nimevaa tai, na njia nzima nilikuwa nikijiandalia majibu. Niliyataka yale matusi kuliko chakula.

Wakanipa kiti. Kiti cha mbao, karibu na mchungaji.

"Pole sana, Bwana Ouma," walisema, mmoja baada ya mwingine, na kupita.

Halafu wakamgeukia Egesa, binamu yangu, golikipa wa Radi, aliyekuwa na udongo mpaka magotini kwa kuchimba kaburi. Wakamwita mjane. Wakamfunga leso yako kiunoni, wakamdai jogoo, naye akajitupa chini akilalamika nani sasa atampikia, watu wakacheka huku wanajifuta machozi. Mimi nilikaa kwenye kile kiti nikilia kwa adabu. Nyanya, nilikuonea uchungu, na nilimwonea wivu Egesa, na sijui kipi kiliniuma zaidi. Watu wangu mwenyewe walikuwa wakiniheshimu. Niliona wazi kwamba wamenihesabu mgeni.

Mwisho wa mwezi niliacha kazi. Jamaa wa Tororo wakanishangaa, na kuuacha mshahara ule kungemshangaza yeyote. Nikarudi Buteba na sanduku langu, nikaenda moja kwa moja kwa Wandera. Yule Wandera, aliyekuwa akinimwagia maji usingizini. Alinyanyuka, akanipisha kiti.

"Karibu, Bwana."

"Nataka kurudi Radi."

"Hiyo ni heshima kwetu, Bwana."

Ungemsikia ungedhani anamjibu mkuu wa wilaya. Wiki nzima nilifanya mazoezi nao, na ilikuwa adhabu. Hakuna aliyenikaba. Nikipokea mpira walinifungulia njia, wakinigusa bega walisema samahani. Nilimwambia Wandera anipige teke kama zamani. Akatazama viatu vyangu.

"Wewe ni mtu ya Tororo sasa," alisema. "Sisi tutapiga wewe teke namna gani?"

Hakusema kwa ubaya, ndiyo maana niliumia. Nilianza kujiuliza kama mtu anaweza kurudi kweli, au akishaondoka mlango hujifunga taratibu nyuma yake.

Basi jana. Wapinzani wetu, timu ya Mulanda, walikuja juu ya lori la pamba, wanaimba, na manyoya ya pamba yamewanata kwenye nywele. Watu walikuwa wengi, wa pande zote mbili za mpaka. Wandera alinipanga winga ya kulia, nami nikatazama pale ulipozoea kusimama. Palikuwa na mama anauza mahindi ya kuchoma. Nikasema haya, twende.

Kipindi cha kwanza nilicheza kama Tororo. Napokea, nampa mwenzangu. Mulanda wakatufunga, Wandera akasawazisha kwa kichwa, uwanja ukawaka moto, mimi bado natoa pasi zangu za adabu. Kipindi cha pili, mmoja wa wale Wakenya wetu akatoka mbio upande wa kushoto, akakata krosi ya chini. Kipa wao akaanguka, mpira ukampita, ukanijia taratibu mbele ya goli tupu. Goli tupu, Nyanya. Wewe mwenyewe na gomesi yako ungefunga. Nikasema sasa, hapa hapa, nawaonyesha kwamba nimerudi. Nikavuta mguu kwa nguvu zangu zote.

Kamba ilikuwa imelegea. Kiatu kikachomoka, kikaruka, kikaingia golini kizuri kabisa, pembeni chini. Mpira ukapita juu ya mwamba ukaenda shamba la mihogo.

Uwanja ukanyamaza. Niliujua ule ukimya. Nilisimama na soksi moja, nikasema moyoni, umenifuata mpaka hapa, basi nimekwisha.

"Goli!" alipiga kelele mama wa mahindi.

Hapo ndipo walipopasuka. Watu walilala chini. Wale wa Mulanda walishikana mabega wasianguke, refa akampa kipa kiatu na kumwuliza kama anataka kukata rufaa. Nikamwona Wandera anakimbia kukichukua. Alikuja nacho amekishika kwa kamba kama panya aliyekufa, uso ameukaza, hacheki hata kidogo. Nikajua ataniambia pole, Bwana.

"Mjane," akasema, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara. "Shika kiatu yako. Marehemu aliolewa na miguu. Hakuolewa na viatu."

Kutoka golini kwetu Egesa akapaza sauti kwamba mjane ni yeye, watu wote walishuhudia.

"Wewe ulikuwa unamshikia tu," Wandera akamjibu. "Mwenyewe amefika."

Nililia, Nyanya. Nililia katikati ya uwanja, mchana, kiatu mkononi, na watu wangu wakanicheka nikilia, na sijawahi kuchekwa vizuri namna ile tangu uliponiacha. Nikavua kile cha pili, nikavitupa vyote nje, nikacheza miguu mitupu mpaka mwisho. Beki wao hakunishika tena. Nilikosa mara nyingine, na nyingine tena, nikatukanwa kila mara, na sikuogopa hata kidogo. Tulitoka sare. Jioni Wandera alinimwagia maji ya kunawa kichwani, makusudi, na hakusema samahani.

Jumamosi zako siwezi kukurudishia. Nilikupa mabati nikakunyima mechi, na wewe ulitaka mechi. Hilo nitazeeka nalo. Lakini furaha niliyo nayo leo ni kubwa kuliko mwili wangu, na hakuna mtu mwingine aliyestahili kuipata habari hii kabla yako. Wanakuja saa hii kunidai yule jogoo wa mazishi, nawasikia nje wakigombana nani atamchinja, kwa hiyo naishia hapa. Lala vizuri, mke wangu.

Ni mimi,

Mjane wako,
Ouma