Bibi Anamkabidhi Kila Mtu Mfuko, na Mimi Sauti Haitoki

Shikamoo Shangazi Getruda. Naomba unisome mpaka mwisho hata kama nimeandika kirefu, maana kwa mdomo nisingeweza kukueleza haya, mimi hata darasani nilikuwa nanyoosha kidole nikiomba Mungu mwalimu asinione. Nina miaka kumi na nane, nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, naishi Kiseke na mama yangu na bibi mzaa mama, na mwezi ujao, Shangazi, mimi na Bibi tunakwenda Istanbul! Nikiisoma sentensi hiyo nacheka peke yangu mpaka mama ananiuliza kama naumwa.

Hatuendi kutibiwa wala kununua nguo za kuuza. Tunakwenda kutembea tu, kama wale wazungu wanaokuja hapa Mwanza kupiga picha jiwe la Bismarck ziwani, sasa watalii ni sisi. Mjomba wangu Masele anafanya kazi huko, na amesema anataka mama yake aione dunia magoti yakiwa bado yanakunjika. Mchana atakuwa kazini, kwa hiyo mimi na Bibi tutazunguka wenyewe, jioni anatufuata. Ameniambia jiji lile limekatwa na maji katikati na watu wanavuka kwa vivuko kutwa nzima kama sisi tunavyovuka hapa, na ndege weupe wanafuata kivuko wakirushiwa mkate, na mimi usiku silali, naangalia ramani kwenye simu mpaka majina ya mitaa nimeyakariri. Nimejifunza na salamu yao, merhaba. Nilipomfundisha Bibi alishangaa, akasema, "Wanaitikia kabla hujawaamkia? Basi hao ni watu wazuri."

Na hapo ndipo shida yangu inapoanzia, Shangazi, kwa sababu kwa Bibi kila mtu ni mtu mzuri.

Jumamosi iliyopita tulikwenda Sengerema kumuaga dada yake. Bibi alichukua pasipoti zetu zote mbili akazitia kwenye mfuko wake wa kitenge, eti lazima dada yake aone picha aliyopigwa bila kilemba. Tulipofika kwenye gati la kivuko cha Kamanga, upande wa mjini, mimi nikapanga foleni ya tiketi, nikageuka nikamwona Bibi anamkabidhi mfuko mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni, halafu huyoo akaelekea msalani. Hilo peke yake halikunishtua, wewe unajua, kwetu ukiwa safarini unamwambia aliyekaa pembeni yako "nishikie hapa" naye anashika. Lakini mara geti likafunguliwa, watu wakaanza kusukumana kuingia kwenye kivuko, na yule mwanamke akaenda nao, mfuko wetu uko begani kwake. Nilimwona, nilikuwa karibu naye kiasi kwamba ningeita angesikia, nikafungua mdomo, lakini watu walikuwa wengi na sikujua nimwiteje, nikaona wote watanigeukia, nikabaki na tiketi mkononi mpaka kivuko kikaondoka.

Bibi akarudi anajifuta mikono.

"Mfuko uko wapi?"

"Umeondoka, Bibi."

"Umeondoka na nani?"

"Na yule mama." Nikaanza kulia hapo hapo.

"Yule Gladness? Sasa unalia nini? Huyo ni mke wa Shigela wa Nyamatongo, nimeshamuuliza yeye ni wa nani. Na mtoto wake anaota meno. Mwenye mtoto anayeota meno hakimbii mbali."

Tukapanda kivuko kilichofuata. Bibi alikula karanga njia nzima, mimi hata ziwa sikuliona. Naona tu picha ya mjomba amesimama uwanja wa ndege anatusubiri na sisi hatuji. Tulipofika ng'ambo tukamkuta Gladness amekalia ule mfuko, ananyonyesha.

"Mama, mmepotelea wapi? Niliwashikia nafasi humo ndani mpaka nimegombana na watu!" Kisha akaniangalia mimi na macho yangu mekundu. "Na huyu mjukuu vipi, ameona mamba?"

"Huyu ndiye anayenipeleka Ulaya," Bibi akamjibu, wakacheka mpaka mtoto akaacha kunyonya.

Njiani Bibi akaniambia, "Umeona? Watu ni watu tu, hata huko tuendako."

Sasa Shangazi, mama hajui habari hii, na mjomba hajui. Tiketi ya ndege ya Bibi imeshakatwa, ya anayemsindikiza itakatwa mwisho wa mwezi, na mjomba alishanitumia ujumbe wa sauti akasema, "Dorcas, wewe ndiye macho ya mama huku. Nikisikia mmepotezana hata hapo Mwanza, nampeleka Elias." Elias ni binamu yangu wa Butimba, ana pasipoti na viza yake imetoka pamoja na zetu kwa tahadhari, na anaongea na mtu yeyote bila woga. Kila akija nyumbani ananitania, "Bado hujakata tamaa? Basi nipimie hilo begi, nguo zangu ni nyingi." Bibi anasema Elias akienda yeye hapandi ndege, kwa sababu Elias anamburuta kama mbuzi wa mnadani.

Nataka sana kwenda, Shangazi, sijawahi kutaka kitu namna hii. Je, nimwambie mjomba au ninyamaze, maana mwisho wake hakuna kilichopotea? Na nitamzuiaje Bibi asikabidhi mfuko kwa watu wa huko bila yeye kuona kwamba nimesoma sasa namdharau? Nisaidie, siku zinakwenda.

Ni mimi D., Kiseke.

*

Marahaba, D. wa Kiseke. Jina lako limo katikati ya barua yako mwenyewe, lakini tuendelee kama hatujaliona.

Kwanza nikupongeze. Furaha yako imenifikia mpaka hapa mezani, na nimesoma ile habari ya merhaba kwa sauti, ofisi nzima ikacheka. Sasa kaa chini nikuambie usilolitaka.

Umeniandikia kirefu juu ya kosa la bibi yako, na kosa lako ukalipitisha haraka haraka katikati ya watu wanaosukumana getini, ukidhani nitalipita nami. Sikulipita. Uliuona mfuko unaondoka. Ulifungua mdomo. Ukaufunga, kwa sababu uliogopa kutazamwa na watu ambao hata majina yao huyajui na ambao wangekusahau kabla hawajafika ng'ambo. Binti yangu, mimi bibi yako simhofii hata kidogo. Ninayemhofia ni wewe.

Ndiyo, bibi amekosea, pasipoti hazipelekwi Sengerema kuonyeshwa picha. Lakini hakumpa mgeni mfuko. Kabla hajaenda msalani alishajua mume wa yule mama ni nani, kwao ni wapi, na meno ya mtoto yamefikia wapi. Wewe uliyekuwa kwenye foleni ulikuwa unajua nini? Kuuliza mtu ni wa nani, hiyo ndiyo kufuli ya bibi yako, na imemlindia mali yake tangu ujana wake. Tatizo ni kwamba kufuli hiyo haifungi Istanbul. Huko hawezi kuuliza, na hata akijibiwa, ukoo utakaotajwa haujui. Mwambie hivyo hivyo nilivyoandika. Usimwambie watu wa huko ni wezi, kwanza ni uongo, wengi wao wangeukalia mfuko wenu wakawasubiri kama Gladness. Mwambie, "Bibi, huko huwezi kumuuliza mtu ni wa nani, kwa hiyo mfuko hatumpi mtu." Ataelewa kabla hujamaliza. Mtu aliyewahi kuishi na majirani hahitaji cheti ili aelewe jambo kama hilo.

Na wewe uelewe hili. Katika kila jiji linalopokea watalii wapo wachache wanaoishi kwa kuwinda wageni, na windo wanalolipenda ni mtu mwenye adabu. Yule anayesimama akiitwa. Anayepokea akipewa. Anayeona aibu kuondoka wakati mtu bado anaongea. Umejitambua? Mtu akikujia na chai, na zulia, na msaada wa njia ambao hukuuomba, au akiangusha kitu mbele yako ili ukiokote mfanye urafiki, sema merhaba moja, na miguu iendelee kutembea. Kama bibi amesimama, mshike mkono mwende. Njia muulize mwenye duka ukiwa ndani ya duka lake, si kijana anayekufuata nyuma. Simu ukitaka kuisoma, ingia mahali, geuza mgongo ukutani, ndipo uitoe. Ile ramani umeshaikariri, kwa nini uitembeze mkononi?

Pasipoti hazitakaa tena kwenye mfuko wa kitenge. Mwombe bibi awashonee vifuko viwili vya kuvaa ndani ya nguo, atafurahi, bibi zetu wamefunga vitu kibindoni tangu kabla ya mabegi, na akishona mwenyewe hatakitoa ampe mtu. Muulize mjomba wako kama sheria ya huko inawaruhusu kuziacha nyumbani mkatembea na nakala. Kila mmoja wenu awe na karatasi yenye anwani ya nyumbani na namba ya Masele, imeandikwa kwa Kituruki kwa mkono wake Masele, ili hata bibi peke yake akimwonyesha askari au mwenye duka arudishwe. Teksi ni ile aliyoiita mjomba. Na kwa kuwa mtavuka maji kila siku, wekeni sheria ya kivuko leo hii mkiwa Kiseke: hapandi mmoja mpaka mkono wa mwenzake uko mkononi. Mkipotezana, bibi anasimama pale pale alipo hata kama jua linawaka, wewe ndiye unayetafuta. Wote wawili mkitafutana mtazungukana mpaka jioni.

Je, umwambie mjomba? Mwambie, na mwambie leo. Unasema hakuna kilichopotea. Ulichokosa pale Kamanga ni sauti yako, na Masele ana haki ya kujua kama umeipata kabla hajakukabidhi mama yake. Isitoshe, hadithi tamu kama ile, ya mamba na ya mtoto anayeota meno, unadhani bibi yako atakaa nayo tumboni mpaka mwisho wa mwezi? Ataisimulia kwenye simu huku anacheka, na wewe utakuwa umesimama pembeni. Masele aisikie kwako, na aisikie pamoja na sheria ya kivuko na vifuko vilivyoshonwa. Akiamua Elias ndiye aende, utaumia, sitakudanganya. Lakini ni afadhali uumie Kiseke kwenye kitanda chako kuliko kubaki bubu kwenye gati la nchi ya watu, bibi yako akiondoka na kivuko. Nami nadhani mtu aliyeweza kuandika barua hii ana sauti, ila hajaitumia.

Kwa hiyo kabla ya kumpigia, fanya kitu kimoja. Kesho asubuhi nenda na bibi yako mwaloni Kirumba, saa ile dagaa wanashushwa na kila mtu anapiga kelele za bei. Mwache atangulie mpaka unaona kilemba chake tu katikati ya watu. Kisha mwite. Usiite "Bibi", watageuka bibi wote wa Ilemela. Ongeza jina la mwanawe, uite, "Bibi Masele!" Mara ya kwanza sauti itakwama, nakuambia mapema. Ita tena. Wauza samaki watakucheka na mmoja atakuigiza, mwache aigize, wewe ita mpaka kile kilemba kigeuke.

Kikigeuka, usisubiri kufika nyumbani. Simama hapo hapo kwenye kelele, koo likiwa bado la moto, umpigie mjomba wako.