Fundi Aliyepotea Kwenye Jumla

Karakana ya Ushonaji,
Ghorofa ya Pili.
Jumanne, 10 Machi

Mpendwa mwanangu,

Hujambo huko uliko? Kikohozi kimekuachia? Sisi wazima, ila goti langu linanuna nikipanda ngazi. Picha ya mtoto tumeiona. Lile paji la uso ni la marehemu kaka yangu, msibishane.

Sasa nikugombeze kidogo. Ile amri ya SQL, lugha ya kuuliza kompyuta majedwali, uliyonitumia ya kujumlisha nguo za kila fundi imeniaibisha. Unamkumbuka Bibi Sindano, aliyenifundisha kushika mkasi nikiwa sina hata kiti changu? Jumamosi nilisoma orodha mbele ya mafundi wote, na jina lake halikuwamo. Yule kijogoo tunayemwita Mwenye Redio alikuwa na nguo thelathini na sita. Nikamuuliza mama wa watu wiki nzima alikuwa akifanya nini. Alikunja futi yake, akaenda zake.

Hesabu yangu ya kichwa ilikataa. Nikafungua daftari, nikaona. Uliunganisha jedwali la mizigo iliyoshonwa na lile la marekebisho, ndipo ukajumlisha. Mwenye Redio alishona mzigo mmoja tu wa nguo kumi na mbili. Ulirudishwa mara tatu, ukahesabiwa mara tatu. Bibi Sindano hakurudishiwa hata kifungo, basi mizigo yake ikakosa cha kuunganishwa nacho, ikafutika. Aliyeboronga kavuna, aliyetulia kapotea. Niliishia darasa la saba, baba, lakini hilo nimeliona.

Nimeitengeneza mwenyewe. Kwanza nahesabu marekebisho ya kila mzigo yawe mstari mmoja, ndipo naunganisha kwa LEFT JOIN ili mzigo usiorudishwa ubaki, na penye pengo paandikwe sifuri. Kisha najumlisha kwa fundi. Siamini mpaka jumla kuu ilingane na ya jedwali la mizigo peke yake.

Jumapili nilimpelekea Bibi Sindano karatasi mpya, nikamwomba radhi mlangoni. Alivaa miwani, akapitisha kidole: nguo arobaini na nane, marekebisho sifuri.

“Hiyo sifuri,” akasema, “kaisome mbele ya walewale.”

Jana niliisoma, naye amekaa kwenye cherehani yake. Redio imezimwa na mwenyewe.

Nawe mpigie simu Bibi Sindano umwombe radhi, kosa ni letu sote.

Binamu yako fundi umeme anakusalimu. Mbusu mtoto, msalimie mkeo. Mungu awazidishie yaliyo ya heri tu.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye hata ukikosea hesabu.