Yatima wa Kwenye Fomu

Jumatatu, 5 Mei

Kanisa linapeleka kijana mmoja Ujerumani, mwaka mzima, kujitolea kwenye nyumba ya wazee. Usharika wetu hapa Kiomboi umenipendekeza mimi. Ningepaswa kurukaruka. Nasikia kinyaa tu.

Ni huyu Kefa, katibu wa vijana, anayeshughulikia fomu. Leo kaniita nisaini barua ya kujieleza. Anaongea huku anachokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu. Alipomaliza akakifuta kwenye suruali, akanipa kalamu hiyohiyo. Barua ni ya Kijerumani, kurasa mbili zimejaa. Nikamwambia nina miezi minne tu ya kozi, siielewi yote. Akasema ni yaleyale niliyomweleza, yeye kayanyoosha tu, na inasubiriwa leo. Nikasaini. Nimenawa mikono mara mbili.

Alhamisi, 15 Mei

Usaili umefanyika kwenye kompyuta ya Kefa. Upande wa pili Bi Renate, mama wa makamo, ndiye nitakayekaa kwake. Uso mpole. Akaanza kwa Kijerumani cha polepole ili nimfuate — anasikitika kwamba nilimpoteza mama, na baadaye baba.

Baba!

Baba Simeoni, ambaye asubuhi nimemwacha uani anapura alizeti.

Nikamtazama Kefa. Alikuwa amekaa nyuma ya kompyuta, asikoonekana. Akatikisa kichwa: endelea. Nikasema asante.

Tulipomaliza nikamuuliza. Hakuona hata aibu.

"Mama yako si alifariki kweli? Sasa kufiwa na mzazi mmoja, Aneth, ni jambo la kawaida. Ukiwa yatima kamili hakuna wa kukupita."

Halafu akaniwekea mkono begani. Bado nauhisi.

Nyumbani Baba alikuwa na makapi hadi kwenye nyusi. Akauliza kama wazungu walinisikia vizuri. Nikasema walinisikia. Akachinja kuku kwa furaha. Nimekula. Vipande viwili, na mchuzi nikaongeza.

Ijumaa, 16 Mei

Niliamka niende kwa mchungaji nikaseme. Sikwenda.

Jumamosi, 28 Juni

Nimekubaliwa. Safari ni Septemba.

Baba anamwambia kila mtu sokoni. Huyu ndiye mwanaume aliyenilea peke yake tangu nina miaka sita, Mama alipofariki, aliyekwenda kwa jirani kujifunza kusuka nywele ili nisiende shule na nywele timutimu. Mistari ilipinda kama njia za mbuzi, nikacheka, akafumua, akaanza upya. Na mimi nimemuua kwa sahihi moja.

Kefa kapiga simu. Bi Renate na wenzake watatutembelea Jumapili ya tarehe 6. Baba asije kanisani — au aje, lakini atambulishwe kama baba mdogo. "Kwani neno baba si litakuwemo?" Akacheka. Anacheka kama mtu anayekohoa makohozi.

Jumamosi, 5 Julai

Nimemwambia Baba. Nilipiga magoti kabisa. Alikuwa anashona mdomo wa gunia na hakuacha kushona. Akauliza, ukweli ukijulikana utaachwa? Nikasema nadhani ndiyo. Akakata uzi kwa meno.

"Basi nitakuwa baba mdogo."

Kwa sauti ileile ya mtu anayekubali kuazimisha jembe. Nilitaka anizabe kofi. Angenizaba ningelala. Badala yake akauliza baba mdogo avae koti lipi.

Jumapili, 6 Julai

Ibada imekwisha saa sita. Nje ya kanisa Kefa alitusogeza mbele ya wageni. Baba hakungoja kutambulishwa, akajitaja mwenyewe: baba mdogo wa Aneth. Aliinamisha kichwa, kama ni yeye aliyetukosea. Bi Renate akamshika mikono yote miwili, akatoa machozi, akamwambia pole kwa kufiwa na kaka. Kefa akatafsiri eti mama anashukuru kwa malezi mazuri. Mimi nilisikia alichosema hasa. Nikatazama viatu vyangu.

Kisha Bi Renate akaonyesha maua aliyokuja nayo. Anataka kuyaweka kwenye makaburi ya wazazi wangu. Leo, wakishakula.

Kefa akanivuta pembeni. Pumzi yake ilinuka kitunguu. Akasema muda upo, tukusanye mawe tu, nani atajua.

Kaburi la Mama liko nyuma ya nyumba, limejengewa kwa saruji, na msalaba wake. Ni moja. Nilipofika nyumbani nilimweleza Baba nikiamini hapo atakataa, na mimi nitapumua. Akavua koti, akalikunja vizuri juu ya jiwe, akachukua jembe. Akaanza kufukua udongo na kuurundika.

Nikamwambia, Baba, acha. Hakuacha. Baadaye akanyooka, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Nilazwe kulia kwake au kushoto?"

Nimekimbilia ndani. Ndiyo maana naandika sasa hivi, saa tisa mchana, mlango nimeufunga kwa komeo kama mwizi. Jembe linaendelea — linagonga jiwe, linanyamaza, linaanza tena.

Gari la usharika limefika. Nasikia milango inafungwa. Nasikia Kefa anauliza niko wapi, na Baba anamjibu yupo, anakuja.

"Baba yangu yuko hai" — kwa Kijerumani ni maneno matatu. Yote nayajua.

Bi Renate ananiita. Naweka kalamu, nafungua komeo.