Ufuta Kwenye Mashine ya Kahawa

Ruangwa,
Jumapili mchana.

Baba yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia hata kabla hujaipata miwani, na najua miwani iko kichwani kwako. Goti linaendeleaje? Wachumaji wameshaingia shambani, au kahawa inajivuta mwaka huu? Mimi mwili ni mzima. Kifurushi chako kilipita Songea, Tunduru, Masasi na Nachingwea mpaka kikanifikia, na kondakta alinikabidhi akilalamika kwamba basi zima limenukia kahawa tangu Tunduru. Nilikinusa palepale stendi. Watu wakaniangalia, nikawaacha waangalie.

Nakuandikia kwa sababu haya siwezi kuyasema kwenye simu. Kwenye simu tunaulizana "umekula?", "nimekula", mtandao unakata, kila mtu anabaki na lake. Na hili ni la kuungama. Ile alama nyekundu uliyoichora kwenye namba saba ya mashine ya kusagia, kwa rangi yangu ya kucha ambayo mpaka leo hujanirudishia, haina kazi tena. Usishtuke, mashine ni nzima. Ila saba si saba tena.

Nianze mbali kidogo, Baba, maana sijawahi kukueleza ninavyoishi hapa. Watoto darasani ni wazuri. Walimu wenzangu ni watu wema, lakini kengele ikilia kila mmoja ana kwake: ana mume, ana mama mkwe, ana shamba. Mimi nina chumba na jiko. Mwaka umepita na miezi juu yake, na bado sijapata mtu wa kuongea naye Kimatengo, hata wa kugombana naye kwa Kimatengo. Kwa hiyo asubuhi nachomeka mashine yako, nasaga, na ule mngurumo unajaza jiko kana kwamba upo, unatafuta sukari mahali ambapo haijawahi kuwekwa. Halafu nafunga mlango, nakunywa kikombe changu kidogo nikiwa nimesimama dirishani. Dakika tano hizo ndizo zangu. Zilizobaki ni za serikali.

Ng'ambo ya ua anakaa Bi Somoe. Ni mama wa Kimwera, mjane, ana shamba la ufuta kule Mbwemkuru na mikorosho yake michache. Tangu wiki ya kwanza, kila asubuhi alikuwa anapita kwangu: "Hodi Mwalimu, umeamkaje?" Nami namjibu kupitia dirisha, kikombe mkononi. Anauliza kama nimelala salama, kama watoto wananisumbua, kisha anaenda zake. Wengine wote hapa mtaani wananisalimia nikiwasalimia. Yeye ndiye pekee aliyekuwa anaanza.

Mwezi huu tulikuwa na semina ya walimu Nachingwea, siku tatu. Nilimwachia Bi Somoe ufunguo ili maji ya bomba yakitoka anijazie ndoo. Narudi siku ya tatu jioni, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, nafungua mlango, nakuta jiko linanuka ufuta ulioungua. Bi Somoe amesimama mbele ya mashine yako na kijiti cha ufagio mkononi, jasho linamtoka.

Alikuwa anataka nikifika nikute mboga. Majani ya kunde yaliyoungwa kwa ufuta mpya, ule wa mavuno ya sasa. Kinu chake kilikuwa kimeazimwa kwenye shughuli ya unyago mtaa wa pili. Basi akakumbuka kuwa Mwalimu ana kimashine, akakaanga ufuta wake, akamimina. Bakuli la kwanza lilisagika. La pili likagoma. Ufuta una mafuta, Baba, ukisagwa kwenye meno membamba namna ile unageuka kinata. Mashine ikawa inavuma bila kuzunguka, naye akaizungusha ile pete ya namba kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, akitafuta pa kuiamsha.

Unajua mdomo wangu nimeurithi kwa nani. Nilimwambia, "Bi Somoe, nani kakuruhusu kugusa vitu vya watu?"

"Mwalimu, nilitaka ukifika ukute..."

"Nilikuachia ufunguo wa maji. Sikukuachia uje uniharibie."

Aliufungua ufunguo uliokuwa umefungwa kwenye ncha ya kitenge chake, akauweka mezani taratibu, akasema, "Haya, Mwalimu." Akatoka. Bakuli la mboga lilikuwa limefunikwa kwa sahani, na ugali pembeni. Sikula. Asubuhi vilikuwa vimechacha, nikavimwaga. Chakula cha mtu, Baba, nilikimwaga.

Asubuhi hiyo hakuja mtu kupiga hodi. Wala iliyofuata.

Mimi nikageukia mashine, kama vile ndiyo iliyonuna. Nilichomoa waya kwanza. Nikaifungua pete ya juu mpaka meno yakatoka, na kati ya kila jino na jino kulikuwa na uji mweusi mgumu. Maji sikuyagusa, nilikumbuka ulivyomfokea Kaka siku ile alipoiosha kwa maji. Nilitumia mswaki mkavu, vijiti vya meno, na kitambaa chenye spiriti kidogo niliyoomba zahanati. Kurudisha pete ndiko kulikonishinda. Mara ya kwanza ilikaa upande, ikakaza kabla ya kufika chini. Nikakumbuka kwamba kifuniko cha chupa kikikataa kushika uzi unakirudisha nyuma kidogo kwanza, nikafanya hivyohivyo, ikashika. Lakini ilishika mahali pengine, si pale ulipoishikisha wewe. Nikaweka alama yako kwenye mshale, nikasaga, nikapika: kikombe kilijaa sijafika hata kumi kwa kuhesabu, maji mepesi, machachu, kama umesuuza chupa ya chai.

Nikaibana mpaka tatu. Ile mashine ya pili, ya kupikia kahawa, ikaguna, likatoka tone, likafuata tone, jeusi, chungu la kuunguza ulimi. Nikalegeza hadi tano, na bado ikawa vilevile, nikakata tamaa nikaenda kazini bila kunywa. Njiani ndipo nikakumbuka neno lako: kila ukigeuza pete, kahawa ya kwanza kutoka ni ile iliyobaki kooni mwa mashine, ya kipimo cha zamani, kwa hiyo itupe ndipo uhukumu. Nilikuwa nahukumu kosa la jana. Kuanzia hapo nikawa naisogeza nukta moja tu kwa siku, mashine ikiwa inazunguka kama ulivyonifundisha, kijiko kilekile, kikombe kilekile. Kifurushi chako kilikuwa kinakwisha huku nakitazama.

Jana, siku ya tisa, pete ikiwa kati ya nne na tano, kahawa ilitoka uzi mmoja mwembamba wenye rangi ya asali. Nilihesabu mpaka ishirini na saba. Nikaionja, Baba, na ilikuwa ya nyumbani kabisa, isipokuwa mbali kwa nyuma kuna ufuta kidogo. Nikageuka nimwambie mtu.

Hakukuwa na mtu. Nilisimama na kile kikombe mpaka kikapoa. Nilikuwa nimeirudisha mashine yako mahali pake, na nimempoteza mtu pekee aliyekuwa anauliza nimeamkaje. Niliona upweke, nikakaa sakafuni.

Kisha nikanyanyuka, nikavuka ua. Bi Somoe alikuwa anapepeta ufuta kwenye ungo.

"Hodi, Bi Somoe."

"Karibu, Mwalimu." Hakuinua macho.

"Nimekuja kukuomba radhi. Nilikosea sana."

Akapepeta kwanza. "Mashine imepona?"

"Imepona."

"Alhamdulillahi. Nilikuwa naisikia kila asubuhi, inaunguruma, inanyamaza. Nasema leo imekufa. Kesho yake naisikia tena, nasema imefufuka." Kumbe siku zote tisa alikuwa anasikiliza.

"Ni ya baba yangu," nikamwambia. "Yeye ndiye aliyeiwekea kipimo. Aliachiwa na sista mmoja mzee wa misheni aliyekuwa anarudi kwao. Nilipopangiwa huku, akanipa."

Hapo akaweka ungo chini. "Ungeniambia ni ya baba yako, nisingeigusa. Mwaka mzima napiga hodi pale, Mwalimu. Darasa unalofundisha nalijua. Kama baba yako yu hai au amekufa, ndiyo leo nasikia."

Akaendelea, kwa upole kabisa, "Mimi nilijua ni dawa. Mtu anasaga, anafunga mlango, anakunywa kikombe kidogo peke yake, uso kaukunja. Nikasema huyu mtoto anaumwa, hataki watu wajue. Ndiyo maana sikuuliza."

"Sasa Bi Somoe, mashine ya dawa ukaitilia ufuta?"

"Mbona mizizi tunatwanga kwenye kinu hichohicho cha ufuta? Unakiosha tu."

Tukacheka wote. Lakini mimi kicheko kilinichoma, maana niliona nilichofanya. Mwaka mzima nimekunywa mbele ya mtu, na sijamwambia karibu hata mara moja.

Kahawa iliyobaki ilikuwa ya kikombe kimoja. Nikamleta jikoni, nikamkalisha kwenye kigoda, mlango nikauacha wazi. Nikasaga, nikapika, nikampa. Alikishika kwa mikono miwili, akasema bismillahi, akaonja, uso wote ukajikunja.

"Chungu hivi?"

"Ndivyo ilivyo."

"Na ndiyo unayokunywa kila siku, peke yako?"

"Kila siku."

"Pole, mwanangu," akasema, na mimi machozi yakanitoka palepale, sikuyaficha. Alikinywa kikombe chote mpaka chini, anakunja uso na anaendelea, kama mgonjwa mtiifu. Alipomaliza akauliza, "Na huyo baba yako, mashine umemchukulia. Yeye anakunywa na nani?"

Nikamjibu kuwa siku hizi unatwanga kwenye kinu cha Mama.

"Sikuuliza anasagia nini, Mwalimu. Nimeuliza anakunywa na nani."

Tangu Mama atutoke sijawahi kukuuliza.

Kahawa imekwisha kabisa. Ukipata wasaa wa kutuma nyingine, pima ya vikombe viwili. Alama yako nyekundu sijaifuta, ipo palepale kwenye saba, haionyeshi kitu, na sitaki iondoke. Ufunguo umerudi kwenye kitenge cha Bi Somoe. Amekufungia ufuta, ndio huo kwenye mfuko wa kaki. Utwange kwenye kinu, tafadhali.

Nisalimie Shangazi anayekuletea maziwa, mwambie sijakonda. Nisalimie Kaka huko Songea na maseremala wenzake, na katekista wetu, mwambie jumuiya yetu hapa ni ya watu saba lakini tunaimba. Salamu nyingine ni za Bi Somoe mwenyewe. Amekaa hapa kwenye kigoda ninavyoandika, na hatanyanyuka mpaka nimeandika swali lake tena, kwa mkono wangu, ulijibu kwa mkono wako: asubuhi, Baba, unakunywa na nani?

Binti yako,
Imelda