Mtunzi wa Kitabu cha Darasa la Nne

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu, nikitumaini goti limepoa na unapanda ngazi bila kushika ukuta. Mimi ni mzima, ila macho yanadai miwani mipya. Wifi yako hajambo.

Uliniuliza mwalimu mstaafu kama mimi anatafuta nini kwenye kampuni ya kompyuta. Nasahihisha, kazi ileile niliyoizoea. Ipo mashine inayosoma kurasa za mtandao bila kupumzika, ikiokota habari mojamoja: mji fulani uko kando ya mto fulani, ndege fulani hali nyama. Jambo ikilikuta mara moja hulishuku. Ikilikuta kwenye kurasa nyingi huliamini, kisha hulitumia kujifunzia mengine. Sisi watano, katika chumba chenye feni moja, huletewa baadhi ya habari hizo tuweke alama ya ndiyo au hapana. Mhandisi wetu, binti wa rika la mwanao, husema mashine ile ni mbea: ikisikia neno mitaa mitatu, inaapa.

Jumatatu iliniletea hili: kitabu cha hesabu cha darasa la nne, mtunzi ni mimi. Uhakika, tisini na sita kwa mia. Ilikuwa imesoma tovuti ya shule yetu ya zamani na kurasa za wote walionakili humo. Niliweka ndiyo. Kesho yake ikaongeza kwamba ni mimi niliyebuni kufundisha sehemu, nusu na robo, kwa kukunja karatasi.

Unajua karatasi zile zilikunjwa na nani, kwenye meza ya jikoni kwa mama. Ulipolazwa, ulinipa muswada wa kitabu hicho niupeleke kwa mchapishaji. Nilirudi nikakwambia hapokei kazi ya mwalimu asiye na cheti, ndiyo maana nimeweka jina langu. Hakusema hivyo. Hakuniuliza lolote. Jina nililiandika mwenyewe, kabla sijatoka nyumbani.

Alhamisi nilibadili, nikaweka hapana. Kufikia Ijumaa mashine ilikuwa imesoma tena kurasa zilezile na kurudi palepale. Nikamweleza mhandisi yote. Akasema, "Mzee, hiyo inasoma tu. Kaandike."

Nimewaandikia shule na mchapishaji. Nakala zimo humu. Jana shule ilibadilisha ukurasa wake. Leo asubuhi mashine imeniletea habari mpya: mtunzi ni wewe, uhakika kumi na mbili kwa mia. Nimeweka ndiyo. Bado inasitasita, na wewe usijilazimishe kuniamini kabla yake.

Wasalimie wanao, na goti uendelee kulikanda.

Ni mimi,
Kaka yako